Pumzi ya Sekunde Kumi

Mahfudha alikuja hospitali na nia moja tu: kufaulu. Jumatatu bintiye Khulud alitakiwa kuripoti Kigoma, ajira yake ya kwanza ya ualimu baada ya kusota miaka mitatu nyumbani Kiwalani, na mtoto huyo alikuwa ameapa kwamba mapafu ya mama yake yakionekana mabaya, haendi. Basi Mahfudha alilala mapema, akaamka akanywa uji, akavaa baibui la kutokea. Jamani, mapafu hayajui baibui, lakini nani angemwambia?

Ngozi yake ilianza kukakamaa miaka sita nyuma, kwanza vidole, kisha uso. Skleroderma, madaktari walisema, wakamwonya kwamba ugonjwa huo unaweza kupandisha presha kwenye mishipa ya damu ya mapafu, polepole, bila kelele. Ndiyo maana kila mwaka aliitwa kupuliza kwenye mashine ya kupima mapafu. Na kila mwaka alikuwa amechoka kuliko mwaka uliopita.

Mpimaji alikuwa Sekela, dada wa Tukuyu asiye na haraka. Alimbana Mahfudha pua kwa kibanio, akampa mrija. Mdomo wenyewe ulikuwa umesinyaa, haukuushika mrija vizuri, hewa ikavuja pembeni.

"Rudia, mama."

Akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne Sekela akaleta mrija mdogo wa watoto, na Mahfudha akapuliza mpaka macho yakamtoka.

"Hapo sawa! Ni kama ya mwaka jana."

"Umesikia?" Mahfudha alimgeukia Khulud, anatweta. "Nenda kafunge mabegi yako."

"Bado moja," Sekela alisema.

Hiyo moja ilikuwa kuvuta hewa maalumu, kushika pumzi sekunde kumi, kisha kuitoa, ili mashine ione kiasi gani kimepenya kwenye damu. Haikutaka nguvu wala ujanja. Mahfudha alishika pumzi huku Khulud akimhesabia kwa vidole. Wakapumzika, wakarudia. Sekela akatazama kioo cha mashine.

"Ya kupuliza imesimama palepale, ila hii imeshuka sana. Maana yake atasema daktari, sio mie. Lakini najua atataka moyo upimwe, aangalie hiyo presha." Akafungua faili. "Mama, hapa pameandikwa ukipanda ngazi huhemi. Mwaka jana hivyo, mwaka juzi hivyo. Ulijibu nini?"

"Nilisema Alhamdulillah."

"Na leo, ukipanda ngazi unajisikiaje?"

"Alhamdulillah."

"Ya Mungu nimeisikia, mama. Sasa naomba ya mapafu."

Mahfudha alicheka, maskini, kisha akaona aibu. Alilelewa hivyo: ukiulizwa hali, unamshukuru Mungu kwanza, shida zako utazisema baadaye. Tatizo ni kwamba hiyo baadaye hakuwahi kuifikia.

Khulud hakucheka. "Kile kiti unachoswalia siku hizi, mama. Uliniambia ni magoti."

Mahfudha aliangalia vidole vyake, vilivyokuwa vimegeuka vyeupe kwa baridi ya kiyoyozi. Hakuwa na nguvu ya kutunga uongo mwingine.

"Sio magoti. Nikiinuka kutoka kusujudu naona giza."

"Basi mie siendi."

"Utaenda! Shangazi yako Farida yupo mlango wa pili, atanipeleka kupimwa huo moyo. Hukusomea kuniuguza mie."

"Niende Kigoma nikupigie simu kila siku uniambie Alhamdulillah? Weee, mama!" Sauti ya Khulud ilikatika. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akainua kiganja akakiweka sikioni kama simu. "Haya. Mie niko Kigoma, nakupigia. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hali yako?"

Neno lilikuja lenyewe, likafika midomoni. Mahfudha akalimeza.

"Nimechoka, Khulud," alisema. "Nimechoka tangu kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi. Kutoka chumbani mpaka uani napumzika mara mbili. Na kuna siku naogopa kulala, nahisi sitaamka."

Sekela akajifanya anafuta mrija. Khulud hakuondoa kiganja sikioni.

"Nakusikia, mama," alisema. "Endelea."