Saumu Kinywani mwa Gordon

Mimi sipendi kudanganywa. Nitangulize hilo, msije mkaniita mwenye wivu bure.

Mwaka ule wa tisini na nne tulikuwa tumepanga nyumba Migosi, mimi na mume wangu Gordon, fundi wa maabara katika sekondari moja ya mjini. Siku moja ya Machi akarudi nyumbani, akafungua mdomo kunisalimu, yawa! Harufu ya kitunguu saumu. Tena saumu ya mtu aliyekula kichwa kizima. Na mimi jikoni kwangu sijawahi kuiweka. Mimi ni nyar Seme, yaani binti wa Seme, mzaliwa wa Kombewa. Napika samaki kwa nyanya na kitunguu, basi.

"Umekula wapi?" nikamuuliza.

"Sijakula, Mama Benta. Ni haya madini ninayosaga. Yakiingia mwilini kidogo tu, mtu ananuka saumu wiki nzima."

Wanaume! Nimesikia uongo wa pancha, nimesikia uongo wa mkutano. Uongo wa madini yanayonuka pilau ulikuwa mgeni kwangu.

Madini hayo ndiyo yalikuwa wazimu wake. Alitengeneza vipande vidogo vya kubandika kwenye ukuta wa tanuri, pale joto linapopotea bure. Upande mmoja unaungua, upande wa pili unapozwa kwa maji, na katikati umeme unazaliwa. Shida, alisema, ni kupata kitu kinachopitisha umeme lakini kinazuia joto. Joto likivuka, pande zote mbili zikawa sawa, umeme unakufa. Basi ikawa ni kuyeyusha, kusaga, kuchanganya, kukandamiza, kupima, na kuanza upya. Vipande vya kwanza havikuwasha hata balbu ya tochi. Na tanuri lenyewe alilipata wapi? Kaloleni, kwa Obeid muoka mikate, ambaye dada yake Rehma ni mjane, mzuri, na pilau yake inasifiwa mpaka Kondele.

Sasa niambieni, ningelala usingizi gani?

"Nyar Seme, dalili ya mvua ni mawingu," jirani yangu Dorca akaniambia, na Dorca hana haja ya kusema jambo mara mbili.

Jumatano moja ya Julai Gordon akaingia anacheka peke yake. Mchanganyiko wa saba umekubali! Kipande kimoja kimefanya kazi ya vinne vya zamani. Jumapili atakandamiza unga uliobaki, na Jumatatu mwalimu wake wa zamani anatoka Nairobi kuona balbu ikiwaka kwa joto la mikate. Ikiwaka, Gordon ana nafasi chuoni. Alinieleza yote hayo akinishika mikono, na mimi nilikuwa nanusa tu.

Kesho yake nikafunga kibanda changu cha nyanya, nikaenda Kaloleni bila taarifa. Gordon alikuwa shuleni. Nikamkuta Rehma ameketi na kinu kidogo cha chuma, anatwanga unga wa kijivu unaometameta.

"Karibu, dada! Namsaidia shemeji," akasema, na pumzi yake ikanifikia.

Saumu ileile. Watu wawili, harufu moja. Hao wanakula sahani moja. Nilitaka kumrukia kwa kucha. Nikasema nimekuja kununua mkate, nikaununua, nikalia njia nzima hadi Migosi.

Jumamosi mchana Gordon akatoka kutafuta waya. Nikafungua sanduku lake. Ndani kulikuwa na kopo la kakao, limefungwa kwa kipande cha leso ambayo si yangu. Nikafunua: unga uleule wa yule mwanamke. Haya, madini gani ya maabara yanafungwa kwa leso? Hiyo ni dawa ya kumvuta mume wangu! Nikaumwaga wote kwenye jiko la makaa. Moto ukageuka buluu, pembeni kijani, na moshi mweupe ukapanda. Nikajua nimeshika uchawi mkononi. Nikasimama palepale juu ya jiko, kinywa wazi, naukemea kwa jina la Yesu mpaka ukaisha.

Jumapili kanisani, katikati ya wimbo, Dorca akageuza uso.

"Nyar Seme, na wewe umekula nini? Unanuka kama Gordon!"

Nikapumulia kiganja changu, nikanusa. Saumu ileile. Mimi saumu sijaigusa maisha yangu yote.

Nilipofika nyumbani Gordon alikuwa amepiga pasi shati la Jumatatu, anapiga mbinja, anavuta sanduku. Nilikuwa nimepanga kunyamaza. Akaona kopo tupu, akanijia aniulize, akasimama ghafla karibu na uso wangu. Akanusa. Akanusa tena.

"Umeuchoma?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wote?"

"Wote."

Akaketi kitandani. Nikangoja anitukane, aki ya Mungu nilitaka anitukane. Akalitazama lile shati la Jumatatu, kisha akainuka, akafungua dirisha.

"Moshi wake ni sumu," akasema. "Kifua hakikuumi?"

Nikamwambia hakiniumi. Huo ndio uliokuwa uongo wa kwanza kati yetu, na niliusema mimi.