Kwa Nini Kiti cha Rais Kiko Wazi

Orchestre Monzoto ya Kinshasa haijawahi kukanyaga Goma hata siku moja, na tangu mwimbaji wao mkuu ahamie Ulaya hatujui hata kama bado ipo. Sisi mashabiki wake tupo. Fan Club Monzoto, tawi la Goma, ina rais, makamu wa rais, sekretere, mshauri wa nidhamu, na statuti yenye vifungu arobaini na viwili. Niliwahi kumwambia mume wangu kwamba vyeo vimezidi watu, akanuna mpaka kesho yake.

Mume wangu, Evariste, ndiye aliyekuwa rais, na statuti aliiandika mwenyewe katika ofisi yake ndogo ya taipu na fotokopi pale Murara. Sekretere ni mimi. Alinipigia kampeni kwa hoja moja tu, kwamba mwandiko wangu unasomeka.

Jumatatu ile ya Januari, vita vilipoingia mjini, alitoka asubuhi akisema anakwenda kuangalia mashine zake. Hakurudi. Nilizunguka hospitali zote. Nilikwenda kambini Mugunga, nikafika hadi Kibumba kwa sababu mtu fulani alisema ameona mtu anayefanana naye. Moïse, makamu wake na rafiki yake tangu shule ya msingi, alitembea na mimi karibu kote huko. Aliniambia siku ile hawakuonana kabisa.

Mwaka mzima ukapita. Kila Jumapili baada ya misa Moïse alipita nyumbani, nikampakulia ugali na sombe, na sahani ya Evariste nikaiweka pembeni, nimeifunika. Alikula haraka, akaondoka. Nilidhani ana shughuli nyingi.

Kisha akaanza habari ya kiti. Kifungu cha kumi na saba kinasema makamu hawezi kuongoza zaidi ya mwaka mmoja. Kiti kitangazwe kuwa wazi, uchaguzi ufanyike. Na sababu ya kiti kuwa wazi lazima iandikwe, moja kati ya tatu: kufukuzwa, kujiuzulu, au kifo. Evariste hakuweka ya nne. Mtu aliyefikiria hata nani ashike ufunguo wa kabati la spika hakufikiria mtu anayetoka asubuhi asirudi.

Katika mkutano wa Februari Moïse alisimama, macho chini, akasema, "Tuandike kifo. Muda umepita mingi."

Papa Valentin, mshauri wetu wa nidhamu, mzee anayeijua statuti kuliko rozari yake, alimwuliza, "Kifo inaomba shahidi. Shahidi ni nani?"

Moïse akatazama viatu vyake. Mkutano ukaahirishwa mwezi mmoja.

Nilimchukia. Nasema kweli, sijapata kumchukia mtu namna ile. Kumbe kutembea kote kule, kula nyumbani kwangu kote kule, mwenzetu alikuwa anapigia hesabu kiti cha plastiki. Yuko tayari kumuua rafiki yake kwa karatasi ili aitwe Président.

Basi nami nikatafuta karatasi yangu. Niliketi mbele ya mashine ya Evariste nikapiga barua. Mimi, niliyeweka sahihi hapa chini, kwa sababu ya umbali na afya, najiuzulu nafasi ya rais. Juu niliandika Butembo, tarehe kadha wa kadha. Sahihi yake naiweza, nilishaiweka kwenye risiti nyingi alipokuwa mvivu. Nilijua ni uongo. Lakini mtu anayejiuzulu yuko mahali fulani, anapumua, ana afya ya kumsumbua. Nilitaka walau kitabu chetu cha mikutano kiseme yuko hai.

Jumapili ya mkutano tulikuwa kumi na tisa. Nilisema barua imeletwa na mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Watu walitazamana. Mama Pascasie, anayekaa nyuma siku zote, alianza kulia kwa furaha, na hapo moyo ukanichoma, lakini sikurudi nyuma. Papa Valentin akaipokea, akaigeuza upande huu na ule, akampa Moïse aisome kwa sauti kama kifungu kinavyotaka.

Moïse alisoma tarehe. Alisoma "Mimi, niliyeweka sahihi hapa chini." Akasimama hapo.

"Endelea, Vice," nikamwambia. "Ama kiti inakuuma?"

Akaikunja barua taratibu, akaiweka mezani.

"Mama Bénie," akasema. Aliniita kwa jina la binti yangu, si Sekretere. "Siwezi kusoma hii. Miye nilimuzika."

Papa Valentin alimwambia akae, akakataa.

"Miye njo nilimuita asubuhi ile," akasema. "Nilimupigia simu aje tutoe spika za club mbele watu wa kuiba hawajafika. Tulikuwa tunazibeba wawili. Risasi ilimukuta mulangoni. Hakusema kitu. Nilimulaza kwenye chukudu ya kubeba mizigo, nikamufunika na bashi ya plastiki, nikasukuma mupaka kwenye walikuwa wanazika watu."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Sauti yangu ilitoka ya kawaida kabisa, mpaka leo sielewi.

"Ningekuambia je? Kila Jumapili nilikuwa nakuja na hiyo neno mu kinywa. Unaniwekea chakula, na yake unaifunika pembeni. Nikawaza, club ikiandika, utaisoma mu kitabu, sitakuambia na kinywa yangu. Unisamehe, mama. Nilikosa nguvu."

Huyo ndiye niliyemwita mroho wa kiti. Alitaka kifungu kiniambie alichoshindwa kuniambia yeye, na shahidi alipoulizwa mwezi uliopita, shahidi alikuwa amesimama palepale akitazama viatu vyake. Chuki yangu ya mwezi mzima ilikosa pa kwenda. Ikabaki huzuni tu, nayo nilikuwa nimeikimbia miezi kumi na minne.

Mama Pascasie na wengine walinizunguka, wakataka kunipeleka nyumbani. Nikasema kwanza nimalize kazi. Niliandika: kiti kiko wazi. Sababu: kifo. Shahidi: Moïse. Sikumwachia mtu mwingine kalamu. Kisha nikalia mbele ya watu wote, bila aibu.

Uchaguzi haukufanyika. Hakuna aliyekitaka kile kiti, sembuse Moïse.

Kesho yake asubuhi nilimwomba anipeleke. Tulipanda pikipiki mbili, tukafika kwenye makaburi ya siku zile. Nilikuwa nimebeba maua na kitambaa cha kufutia msalaba. Nilitegemea kaburi. Kulikuwa na mistari, mirefu, udongo umeshajaa majani, na vibao vya mbao ambavyo mvua ilikuwa imevifuta namba.

Moïse alitembea mbele yangu, akahesabu kwa kidole, akarudi, akahesabu tena. Akaenda mstari wa pili. Nikamwona mabega yanavyoshuka.

"Ilikuwa huku," akasema. "Ama hii. Siku ile kulikuwa watu wengi, mama."

Tulisimama kati ya mistari miwili, mimi na maua yangu, kila mmoja akingoja mwenzake achague.