Lipu ya Uhuru

Watu wengi huzikwa bila jina lao kuandikwa popote. Fundi Lupakisyo alikuwa hai, mzima wa afya, anakula ugali wake, na jina lake tayari lilikuwa ukutani, Barabara ya Stesheni pale Kilosa, herufi za urefu wa shubiri, kila anayeshuka treni alione. Juu liliandikwa UHURU 1961, na chini yake FUNDI LUPAKISYO. Aliliandika mwenyewe kwa ncha ya mwiko wakati lipu bado mbichi, na kwa miaka kumi na mitatu hakuwahi kupita njia ile bila kulitupia jicho. Tusimcheke. Nani asiyependa jina lake?

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa, duka chini na vyumba juu, la matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, Bwana Kasamu, aliyeondoka mwaka ule yalipotaifishwa majumba. Alifunga kufuli, akapanda treni, popo wakawa ndio wapangaji. Majirani zake nao wakafunga mmoja baada ya mwingine, na ilipofika mwaka sabini na nne barabara nzima ilikuwa ya milango iliyokufa. Msafiri akishuka na njaa alikula upepo.

Aliyesema sasa basi ni Verdiana. Mwanamke huyu aliuza chai na mihogo ya kuchemsha stesheni, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge, na kukaa bure hakukujua. Alikusanya akina mama ishirini wakaunda ushirika, akaenda ofisi ya wilaya mara kumi na moja, na mara ya kumi na moja wakampa jengo ili aache kwenda. Chini aliona mgahawa na duka, ambapo wanawake wa Chanzuru na Munisagara wangeuza mazao yao bila kuhangaika juani. Juu aliona vitanda vya wasafiri waliokosa treni. Aliwaambia wenzake kwamba mlango mmoja ukifunguliwa, mingine itaona haya kubaki imefungwa.

Wakaanza kazi. Miezi mitatu walibeba mchanga wa mto Mkondoa kichwani. Walichimba shimo uani, wakaizamisha chokaa humo na maji, wakaiacha ilale mpaka ikawa laini kama siagi, kwa kuwa saruji mwaka ule ukiipata unamsimulia jirani. Lupakisyo aliombwa awe fundi mkuu. Alikubali papo hapo, na sababu moja, tuseme kweli, ilikuwa lile jina pale mbele.

Ndipo ukuta wa mbele ukaota kitambi. Hapo zamani palikuwa na uvimbe mdogo ambao hakuna aliyeujali, lakini baada ya masika ya mwaka huo ulijitokeza vidole viwili vizima, chini kidogo ya neno UHURU, na ufa ukatambaa kutoka hapo mpaka kwenye dirisha.

Ofisa ujenzi wa wilaya, kijana mmoja aitwaye Theodory, alikuja Jumatatu kukagua. Hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia shikamoo kila aliyemkuta, hata Verdiana, ambaye aliitikia marahaba huku amenuna kwa kuzeeshwa. Alisimamisha ubao mnyoofu kwenye ukuta, akaangalia, akatikisa kichwa. Alisema ukuta wa jengo la ghorofa ukishavimba hivyo unaweza kuwaangukia watu wakiwa wanakunywa chai, na yeye hawezi kutia sahihi yake kwenye msiba. Angerudi Ijumaa. Kama hakuna litakalobadilika angeandika jengo libomolewe, na matofali yake yakajengee ghala kwingine.

Akina mama walimgeukia Lupakisyo wote kwa pamoja. Verdiana alimuuliza kama ukuta huo una dawa. Alijibu kwamba ataangalia.

Ataangalia nini? Alikwisha kuangalia. Jioni ile walipoondoka aliugonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Kule juu, ambako lipu ya saruji haikufika, uliitika kwa sauti nzito, iliyoshiba. Pale kwenye kitambi ulilia kama debe tupu. Alielewa pale pale, wala halikuwa jipya kwake. Alikuwa ameambiwa tangu mwanzo.

Aliyemwambia ni Mzee Mathayo, fundi aliyejenga jengo lile ujana wake na aliyemfundisha Lupakisyo kushika mwiko. Mwaka wa Uhuru, Bwana Kasamu alitaka duka lake ling'ae, na saruji ndiyo ilikuwa fahari ya mji. Mtu akipaka saruji aliona ameingia dunia mpya. Lupakisyo akapewa kazi. Mzee Mathayo akaja na fimbo yake, akasimama, akamwambia mbele ya saidia fundi wake kwamba nyumba ya udongo na chokaa inapumua. Inanyonya maji ya ardhini mvua zikija, inayatoa jua likiwaka. Ukiifunika saruji umeiziba pua.

Lupakisyo alikuwa na miaka thelathini na alijiona ameumaliza ufundi wote. Alimjibu, "Mzee, zama zako zimekwenda na Wajerumani." Saidia fundi wakacheka. Mzee Mathayo akaondoka na fimbo yake. Na tangu siku hiyo Lupakisyo hakumwamkia tena. Walikutana sokoni, walikutana misibani, na yeye mtu mzima na akili zake alipita kama aliyepita mti, akaimeza shikamoo ya mwalimu wake. Miaka minne baadaye yule mzee akafa. Shikamoo ikabaki kooni.

Sasa maji yalikuwa yamekaa miaka kumi na mitatu nyuma ya saruji yake bila njia ya kutoka. Kitambi kile huenda kilikuwa cha lipu tu, iliyoachana na ukuta ikasukumwa nje. Huenda pia ukuta wenyewe ulikuwa umelegea ndani. Kujua kulitaka kitu kimoja, lipu ivunjwe. Na kuvunja lipu kulitaka aseme kwa nini.

Akatafuta uchochoro. Jumatano alikwenda kwa katibu wa tawi la chama, Ndugu Wenceslaus, akamwomba ruhusa ya kubandua kipande kidogo tu cha lipu pale mbele. Katibu alishtuka kweli kweli. Alimuuliza iwapo anaelewa anachosema: mtu mwenye heshima zake achukue nyundo mchana kweupe, abomoe Uhuru ukutani, wasafiri wa treni wakitazama? Wangesema nini Morogoro? Akamkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, basi na atafute saruji kidogo aufukie ule ufa. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, lipu yenyewe ina kosa gani hasa.

Mlango huo hapo, uko wazi, mtu apite tu. Lupakisyo akasema, "Haina kosa, Ndugu Katibu."

Alitoka amejichukia. Njia nzima alijisemea kwamba uko ufa ambao kuuziba ndiko kunakoleta kujenga ukuta, na kwamba yeye ndiye anayejua, maana aliuziba mwenyewe na kuandika jina juu yake. Alhamisi alishinda anachekecha mchanga uliokwisha kuchekechwa.

Ijumaa asubuhi Verdiana alimfuata uani penye shimo la chokaa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilimuumiza fundi zaidi. Alimwambia kwamba tangu Jumatatu hajalala vizuri. Wale akina mama ishirini yeye ndiye aliyewatoa mashambani kwao, na leo wakirudi mikono mitupu hawatamwamini mtu tena.

"Mimi sijui kuta, fundi," alisema. "Najua watu. Wewe una neno. Mficha uchi hazai."

Lupakisyo aliinama akachukua nyundo na tindo, akachukua na timazi lake, ile kamba yenye kipande cha risasi inayomwambia fundi kama ukuta umesimama au umelala. Timazi hilo alipewa na Mzee Mathayo siku alipohitimu. Kila kitu chake kingine kilikuwa kipya, hicho tu hakuwahi kukibadilisha.

Theodory alifika na faili lake saa nne. Akina mama walikaa juu ya marundo ya mchanga, wamejifunga khanga viunoni. Ndugu Wenceslaus alisimama pembeni amevaa kofia yake. Watu wa stesheni nao wakasogea, kwa kuwa habari ya jengo kubomolewa huvuta watu kuliko ya jengo kujengwa. Kijana alikuwa tayari ameishika kalamu.

Lupakisyo akasimama kati yake na ukuta. Alikuwa na aibu ya kutosha watu kumi.

"Kabla hujaandika," alisema, "nina neno. Jengo hili halina ugonjwa. Mimi ndiye ugonjwa wake."

Akayasema yote. Aliwaeleza juu ya maji na chokaa, akawaeleza alivyoonywa na mzee aliyelijenga, na jinsi alivyomjibu. Hata yale maneno yenyewe aliyarudia, hakuyapunguza. Akasema kama lipu ile ingekuwa ya chokaa, ukuta ungekuwa mkavu leo. Baadhi ya watu walianza kuguna. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ina maana walibeba mchanga miezi mitatu na yeye akijua? Lupakisyo alimjibu kwamba alijua tangu Jumatatu, na kwamba siku hizo nne ni aibu yake nyingine.

Theodory aliuliza, kwa adabu, ana hakika gani kwamba nyuma ya lipu ukuta umenyooka. Fundi alisema hana hakika. Anaomba kuibandua lipu wapime kwa timazi, na ukuta ukiwa umevimba, kijana aandike anavyotaka na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kubomoa.

Ndugu Wenceslaus akakohoa. Alisema makosa ya fundi ameyasikia, lakini neno lile pale juu si la fundi, ni la taifa.

"Ndugu Katibu," alisema Lupakisyo, "Uhuru haumo kwenye saruji ile. Saruji ni yangu, na nilikosea. Niruhusu nianze na jina langu, liko chini. Ukuta ukionekana mbovu, sitaligusa neno."

Hilo lilikuwa gumu kulikataa. Katibu aliangalia huku na huko, akainua mkono kidogo, kama mtu anayeruhusu kikao kiendelee.

Basi Lupakisyo akaweka tindo kwenye herufi ya kwanza ya jina lake. Wanaosema alifumba macho ni waongo, aliyakodoa. Alipiga pigo la kwanza, la pili, na la tatu likazamisha tindo lote, kwa kuwa nyuma palikuwa wazi. Kipande kizima kikaachia kwa mkupuo mmoja, FUNDI na nusu ya LUPAKISYO, kikapasukia miguuni pake. Maji meusi yakachuruzika ukutani, yananuka kama mtungi uliosahauliwa. Nyuma, vidole viwili ndani, matofali yalionekana yamekaa mstari.

Watu wakasogea. Ndugu Wenceslaus alisogea kuliko wote. Aliingiza mkono, akapapasa matofali, akautoa umelowa. Akavua kofia, akasema lile neno nalo litolewe, ila litolewe kwa heshima. Akina mama wawili wakatandika khanga chini ili lisidondokee vumbi. Lilivunjika hata hivyo, lakini lilivunjikia kwenye khanga.

Lipu ilipokwisha kubanduliwa toka juu hadi chini, Lupakisyo alipanda ngazi akaning'iniza timazi. Risasi ikayumba, ikayumba, ikatulia. Theodory akampa rula, fundi akapima nafasi iliyopo kati ya kamba na tofali, juu, katikati, chini. Akarudia. Mara ya tatu kijana akaomba apande ngazi mwenyewe.

"Umenyooka," alisema kutoka kule juu. Aliposhuka aliongeza kwamba safu tatu za chini udongo wake umekuwa uji, lazima zifumuliwe na kujengwa upya kwa chokaa kabla ya mvua. Lakini jengo lisimame. Akaliandika hilo palepale, faili limelazwa kwenye goti.

Akina mama walipiga vigelegele mpaka mabehewa yakaitika. Verdiana hakupiga. Alikaa kwenye mchanga akafunika uso kwa upande wa khanga, akalia kidogo, akajifuta, akainuka kutafuta makarai.

Lupakisyo alikuwa bado ameuelekea ukuta. Usawa wa kifua chake, kati ya tofali na tofali, palikuwa na alama za vidole kwenye ile chokaa ya zamani. Aliyejenga alikuwa anamalizia kila kiungo kwa kukibana kwa dole gumba, na alama zilifuatana mstari mzima, moja kila tofali, mpaka pembeni. Miaka karibu hamsini zilikuwa pale, kumi na mitatu kati ya hiyo amezifunika yeye. Akaliweka dole gumba lake kwenye alama moja. Lilienea.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Hakusema kwa kunong'ona. Waliokuwa karibu walisikia wote. Hakuna aliyeitikia na hakuna aliyecheka. Yule mama aliyemuuliza kwa ukali aliangalia chini.

Verdiana alimwacha kidogo. Kisha akaja na karai la chokaa kichwani, akalitua, akamuuliza waanzie wapi.

"Chini," alisema Lupakisyo. "Pale penye maji."