Samli kwenye Breki

Kwenye gereji moja ya Lalago walikuwapo Mzee Maganga, mkewe Anyes, binti yao Milembe aliyekuwa akiolewa mchana huo, na fundi Mboje. Fundi alifungua gurudumu la gari la mzee, akanusa, akauliza:

"Baba, hii si samli?"

"Breki zilikuwa zinapiga kelele, nikazipaka. Zikanyamaza."

"Zimenyamaza kweli," fundi akasema, "na gari halisimami!"

Anyes alicheka mpaka akashika kiuno. "Ningejua, ningekupa na maziwa."

Pedi mpya za breki zingefika kesho yake kutoka Bariadi. Kicheko hakikumuumiza Maganga; kilichomuumiza ni ahadi yake ya kumwendesha bintiye hadi kanisani. Alimtazama Milembe, naye akatabasamu. Moyo wa mzee ukatulia.

"Tunafunga ng'ombe kwenye mkokoteni," akatangaza. "Bibi harusi nampeleka mimi mwenyewe."