Kikohozi Nyuma ya Pazia

Tangu Bibi aanze vidonge vya presha, mchezo wa kujificha ulimshinda. Moyo ulitulia, miguu iliacha kuvimba, hata ngazi alizipanda bila kupumzika katikati. Lakini kikohozi kikavu kilimganda kama kupe. Akijibanza tu nyuma ya pazia, kho! kho! Mjukuu wake Kidoti huyo, anamrukia.

“Nimekuona, Bibi!”

“Umenisikia, mchokozi wewe!”

Kisha kikohozi kikapotea. Mama Kidoti, mkwe wake, alifurahi, ila jambo moja halikumkaa sawa: Bibi alikuwa akishika ukuta tena kwenye ngazi, akihema.

“Joto tu, mwanangu.”

Jumamosi moja, Kidoti akimtafuta Bibi, akavuta droo ya cherehani.

“Mama! Bibi kaficha peremende!”

Mama Kidoti alimpokonya kabla haijafika mdomoni. Vilikuwa vidonge vya mwezi mzima, vimefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Akamwita Bibi kwa sauti.

“Mama, unataka kumwachia nani cherehani hii?”

Bibi alitoka chini ya meza, ameinamisha kichwa kama mtoto. “Wateja wa nguo walikuwa wananikimbia. Nikimpima mtu kifua, namkoholea usoni. Nikaona heri presha, haina kelele.”

“Ndiyo ubaya wake, haina kelele! Twende kliniki, sasa hivi.”

Daktari alipima, akatikisa kichwa, akapima tena. “Presha imepanda sana, Bibi. Kwa nini umeacha dawa?”

Bibi akaangalia dari. Mkwe akamgusa kiwiko.

“Zinanikoholesha,” akanong’ona.

“Basi ungesema! Dawa za jamii hii huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Ziko nyingine, zinalegeza mishipa na kuupunguzia moyo mzigo vilevile, na kikohozi ni nadra. Usiache tu mwenyewe.”

“Nilidhani nitaonekana nadeka.”

“Deka, Bibi. Hapa ndipo mahali pake.”

Wiki kadhaa baadaye, kwa dawa mpya, presha ilishuka, na Bibi akapanda ngazi akiimba. Jioni moja Kidoti alimtafuta kila mahali: chini ya meza, kabatini, nyuma ya mlango. Kimya. Mwishowe akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

“Bibi, kohoa basi!”

Pazia likaanza kutikisika. Safari hii, kicheko ndicho kilichomponza.