Mtumishi wa Nne

Kazi ya Eliaichi ilikuwa kuwabana wanafizikia. Kabla hawajaanza kusaka chembe ndogo kuliko atomu, aliwataka waseme watapima mara ngapi, maana anayepima mpaka aridhike hakosi kupata anachokitaka. Kwenye makala yake aliuita huo wizi.

Nyumbani Kimara, mama yake, Demetria, alikuwa amemganda aolewe: Brightson, Brightson, kijana wa watu! Ili apate kupumua, Eliaichi alimjibu, "Haya, mtumishi wa Mungu akisema ni yeye, naolewa." Hakutaja mtumishi yupi, wala wangapi. Yeye, bingwa wa kuwawekea wengine vikomo!

Mama akaenda kwa mtumishi wa Ubungo, akaambiwa hapana. Pugu, hapana. Temeke, hapana. Leo karudi kutoka Mbezi anapiga vigelegele.

"Mungu kasema! Neno ulilitoa mwenyewe, mwanangu. Washenga wako njiani."

"Mama, watatu si walikataa?"

"Hao hawakuomba vizuri."

Mlangoni wakabisha hodi. Eliaichi akafungua mdomo aseme twende kwa mtumishi wa tano, kisha akaufunga. Huo nao ungekuwa wizi uleule.