Presha ya Wana wa Taiyo

Wanaume wa boma la Taiyo hawakuwa na desturi ya kuugua. Walikuwa wakianguka. Babu alianguka akinywesha ng'ombe, mzima wa afya. Taiyo mwenyewe akaanguka mnadani, fimbo bado iko mkononi, hajafika hata miaka arobaini. Watu wa Handeni wakasema ni laana, na kwa kweli laana ina nafuu yake: unachinja kondoo, wazee wanabariki, mambo yanaisha. Presha haina kondoo.

Ledama, mtoto wa kwanza wa Taiyo, alilijua jina la ugonjwa tangu mwezi wa tatu. Alikuwa amekwenda Korogwe kuomba kazi ya ulinzi kwenye shamba la mkonge, akaambiwa akapimwe kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na aliweza kutembea tangu asubuhi mpaka jua kuzama bila kuhema. Muuguzi, mama wa makamo aitwaye Yuditha, alimpima mara tatu, akabadilisha hata mashine.

"Mia moja themanini kwa mia moja kumi na tano," alisema. "Mwanangu, baba yako alikufa kwa nini?"

"Alianguka."

"Na babu?"

"Alianguka."

Yuditha akaweka kalamu chini. "Basi mmerithishana. Wembamba wako na mbio zako havitakuokoa. Kidonge kimoja kila siku, uumwe usiumwe, na chumvi upunguze. Una ndugu?"

"Mmoja, Kuntai. Ana ishirini na tatu."

"Mlete wiki hii hii. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Ledama alicheka kwa adabu. Methali hiyo wote tunaijua, ila haisemi ni kifo cha nani.

Hakumleta. Mwaka huo rika lake lilikuwa linatafuta laigwanani, kiongozi wa kuwasemea mbele ya wazee, na jina lililokuwa midomoni mwa watu ni lake. Kiongozi wa namna hiyo hachaguliwi akiwa na kasoro mwilini. Hata kidole kilichokatika hujadiliwa. Nani angemtaka mtu anayeishi kwa vidonge? Akajiambia atasema wakishamchagua. Kila alipomwona mdogo wake roho ilimsuta, naye akaangalia pembeni.

Kuvimeza kwenyewe kulikuwa kazi. Morani, kijana shujaa wa Kimaasai, hali peke yake, hanywi peke yake. Mwenzake yuko ubavuni saa zote. Ledama alivifunga vidonge kwenye kona ya shuka, akawa anachelewa makusudi bwawani kunawa uso, na hapo ndipo alipotupia kimoja kinywani. Akaona amewaweza wote.

Mwezi wa saba wakaenda olpuli, kambi ya porini ambako vijana huchinja dume, wakala nyama na kunywa supu ya mizizi majuma mawili mazima. Siku ya tano Kuntai alikaa kivulini, amejishika kisogo.

"Kaka, kichwa kinagonga tangu juzi. Na macho yanaona ukungu."

Loishiye, rafiki wa Ledama na mpiga debe wake mkubwa, akaangua kicheko. "Mtoto wa Taiyo analilia kichwa! Mpe supu huyo."

Watu kumi na wawili walikuwa wakimtazama Ledama. Tusimtetee kwa kusema hakujua, maana alijua kuliko mtu yeyote pale porini. Kijiji chenye pikipiki kilikuwa mwendo wa saa moja tu. Lakini kusema "apelekwe akapimwe" kungeleta swali, na swali lingetaka jibu. Akachota supu, akatupia chumvi kama Kuntai alivyopenda, akampa.

"Kunywa. Itasafisha damu."

Kuntai alimwamini kaka yake. Akanywa yote.

Asubuhi iliyofuata wenzake walipoanza kuruka naye alisimama, akaruka mara moja, akatua kwa magoti. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alijaribu kuita jina la kaka yake, ikatoka sauti ambayo hakuna aliyeielewa.

Walimfunga kwa mashuka kati ya Loishiye na dereva wa pikipiki, Ledama nyuma yao kwa pikipiki nyingine, vumbi tupu mpaka Korogwe. Mama yao, Ruthi, alipigiwa simu akafika mchana.

"Mshipa umepasuka kichwani," daktari aliwaambia wote watatu pale kitandani. "Ataishi, lakini upande wa kulia na ulimi vimekwenda. Anasikia kila kitu, kwa hiyo angalieni mnachosema. Ukoo wenu una presha?"

"Hakuna," alisema Ruthi. "Ni laana tu, daktari. Tunaiombea."

Loishiye naye akatikisa kichwa, hakuna.

"Mimi ninayo," alisema Ledama. "Tangu mwezi wa tatu. Natumia vidonge."

Ruthi hakupiga kelele. Alimgeukia taratibu.

"Kichwa kilipoanza kumuuma mwanangu, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naye, yeyo," alimjibu mama yake.

"Ukamwambia nini?"

Ledama aliona aibu iliyomzidi kimo, lakini mama yake alikuwa anasubiri.

"Nilimwambia anywe supu."

Kuntai, aliyekuwa amemkazia macho kaka yake muda wote huo, akayafumba.